Gurudumu la Kushoto

Kalama alitemea mate rimu ya mbele kushoto ya pikapu, yakachemka kama kwenye kikaango. Zile rimu tatu nyingine zilikuwa baridi. Mamake, aliyekuwa akitazama, akajifunga leso upya.

Foleni ya magari ya Feri ilikuwa imesimama. Ng'ambo, Likoni, binti wa mama huyo, dadake Kalama, alikuwa na uchungu tangu jana na mtoto hatoki, na pikapu hii ya kuazima ndiyo ya kumleta hospitali upande huu.

Kalama alipiga jeki. Gurudumu halikuzunguka hata kwa mikono miwili. Akalegeza nati ya kutolea upepo, mafuta ya breki yakaruka, nalo likazunguka kwa kidole tu.

"Mpira wa kupitisha mafuta ya breki umeziba ndani, mama, hayarudi. Nikikanyaga breki gurudumu litashika tena, na breki ya mkono ilishakufa. Basi sikanyagi. Ingia twende."

Mama aliutazama mteremko. Chini watu walikuwa wamejaa hadi ukingoni mwa maji, vikapu vichwani, wamewapa mgongo.

"Hukanyagi? Na hawa je, mwanangu?"

"Nitapiga honi."

Mama akauchomoa ufunguo, akaufundika kwenye pindo la leso.

"Sasa dada tutamleta na nini?"

"Nitambeba," alisema mama, naye alikuwa keshaanza kuteremka.