Siku ya Kumi na Tisa Bila Wanga

Mke wangu alishindwa kutunga uzi kwenye sindano, yeye ambaye hutunga huku akinisema. Mkono ulikuwa ukitetemeka na jasho limemjaa puani.

"Umekula nini leo?"

"Mayai na parachichi. Siku ya kumi na tisa hii, sijagusa wali wala mkate. Mwili ukikosa wanga unachoma mafuta yake wenyewe. Huoni gauni linavyonipwaya?"

"Na vidonge vya kisukari?"

"Viwili asubuhi, kama kawaida. Nina nidhamu, mzee."

Niliacha cherehani, nikachukua kipimo chake cha sukari mkobani na kumtoboa kidole. Sukari ilikuwa mbili nukta saba, chini mno ya nne inayotakiwa. Alikuwa ameacha wanga bila kumwambia daktari, na vidonge viliendelea kushusha sukari iliyokwisha kushuka.

Nikachota asali ya chai kwenye kopo, kijiko kizima.

"Thubutu!" Akakaza midomo, machozi yakimlenga.

Katika picha zote za harusi ya binti yetu alijificha nyuma ya watu. Nilijua anapigania nini.

"Mama watoto, ukipungua nitakupunguzia magauni yote kwa mikono yangu. Leo hii tunakwenda kwa daktari, atuambie kama mlo huu unakufaa na vidonge vipunguzwe vipi. Lakini kwanza fungua mdomo."

Hakufungua. Nikamwomba Mungu kimoyomoyo, nikasogeza kijiko, na asali ikaanza kudondokea hariri ya mteja iliyokuwa mapajani mwake.

"Kitambaa cha watu hicho!" akafoka.

Nikaingiza kijiko.