Kitufe cha Kidole cha Pete

Fundi Mwakasege hakuwa na kibao mlangoni, hakuwa na mteja tangu masika, wala mkono wake wa kushoto haukuwa na kidole cha pete, kilichoondoka na msumeno zamani. Alichonga padi za mbao za kuchezea gemu, kila moja kwa kipimo cha mkono wa mteja, ambao yeye mwenyewe aliuchora kwenye karatasi na kuutuma kwa posta.

"Baba, kundi hili la mtandaoni lina wachezaji elfu mbili," alisema binti yake, Tumpe, akimwonyesha simu. "Kiongozi wao ameagiza padi. Akiisifia, utachonga mpaka uombe likizo. Asipoisifia, tunafunga karakana."

Mchoro wa kiongozi ulipofika, mkono ule nao ulikosa kidole cha pete, na kovu lake lilipinda kama la fundi. Chini paliandikwa: "Weka na kitufe cha kidole hicho."

Alichonga siku tatu. Alipoijaribu padi, ilimkaa barabara, kisha kitufe kile kikabonyea taratibu, pale pale asipokuwa na kidole. Akahisi joto la kidole hicho.

"Mbona huifungi, baba? Wanasubiri."

"Natamani nibaki nayo."

"Na karakana?"

Akaitia kwenye boksi, akaandika barua fupi, akapaka bahasha yake gundi na kuikandamiza kwa mkono wa kushoto uliojaa vanishi. Tumpe alipotoka na boksi na bahasha kwenda posta, fundi aliona mgongoni mwa bahasha alama mbichi za vidole vitano.