Droo ya Ndege wa Kawaida

"Mhamishie kwenye droo ya ndege wa kawaida," Profesa Sekiete alisema. "Tumekubaliana kwamba si spishi ya peke yake. Ni yule yule ndege mdaka nzi aliyezagaa hadi pwani."

Mkunde, mtunza ndege wa makumbusho, alikuwa amemshika ndege huyo mkavu aliyejazwa pamba. Aina yake ilipatikana katika msitu mmoja tu duniani, ule wa nyuma ya mji. Kwa ajili yake msitu ulikuwa haukatwi.

"Mmekubaliana na nani, Profesa? Na wenye misumeno?"

"Chunga mdomo wako, binti. Mimi ndiye niliyekufundisha."

"Ulinifundisha kusikiliza sauti kwanza. Huyu analia tofauti na wa pwani, ulikuwa ukisema mwenyewe darasani. Leo amekuwa bubu?"

Mkunde akaivuta droo kwa hasira hadi ikamgonga Profesa tumboni, kisha akamlaza ndege kwenye kiganja cha mzee huyo.

"Muweke mwenyewe."

Nje, malori yalikuwa yameshawashwa, yakielekea msituni. Profesa alibaki amesimama mbele ya droo iliyo wazi, kidole gumba chake kikipapasa koo la ndege, pale sauti ilipokuwa ikitokea.