Mkono wa Kulia

"Inua mkono, baba. Tena," Gaudensia alisema.

Tangu apigwe na kiharusi, mkono wa kulia wa baba yake ulikuwa umelala tu pajani, vidole vimejikunja. Asubuhi nzima, hapo uani kwao mtaani Bweri, alikuwa akimtukana binti yake.

"Wenzako wanasomeaga udaktari. Wewe umeenda chuo kikuu kusomea mazoezi! Niache nife."

Hasira aliyoimeza tangu mwaka wa kwanza wa chuo ikamtoka Gaudensia. "Kufa basi! Mwoga mkubwa wewe!"

Mzee akafoka kwa Kijita. Ule mkono wa kulia ukainuka kutoka pajani, ukitetemeka, vidole vikikunjuka kimoja kimoja, ukaja moja kwa moja kwenye shavu la binti yake.

Gaudensia hakukwepa.