Liwa Nzito

Kila asubuhi nasaga liwa kwa maji ya waridi, nampaka mume wangu usoni. Mwanzoni aliona haya. Mwanamume mzima wa Mchinga, kupakwa liwa kama mwari!

Lakini vipele vilikuwa vinamuwaka. Vilimtoka uso mzima baada ya dripu ya kwanza ya ile dawa mpya inayolenga saratani yenyewe, maana ya kwake ilianzia utumboni na ilishafika kwenye ini. "Vipele visiwatishe," daktari alituambia. "Mara nyingi vikitoka, ni dalili kwamba dawa imeshika."

Tangu hapo tukavipenda. Mama yake kila akija kumjulia hali humshika kidevu, humgeuza uso huku na huku, akishaviona vimejaa ndipo husema alhamdulillahi.

Leo nimechota liwa kwa vidole, nikaanzia kwenye paji la uso kama kawaida. Vidole vikateleza. Nikashuka mashavuni, nikashuka kidevuni. Ngozi laini, kama ya siku aliyonioa.

"Vipo?" akauliza, macho kayafumba.

"Vimejaa," nikasema.

Akainua mkono, akajipapasa shavu taratibu, kisha akaurudisha mkekani.

Mlangoni tukamsikia mama yake anapiga hodi.

"Nipake nzito, Mwahija," akaninong'oneza. "Mama asione."