Jasho la Mtoni

Palikuwa na Kiboko mmoja, maneno yake mengi kuliko nyama zake. Alitangazia kijiji kizima kwamba mwaka huu atakimbia nusu marathoni, akanunua na raba mpya. Kila alfajiri alitoka akitimua vumbi, lakini akishapita kona hujitupa kwenye matete, akalala. Jua likichomoza huchovya fulana mtoni, akarudi akitweta, maji yakimchuruzika kama jasho.

Jirani yake Kondoo, anayeamini kila analoambiwa, akawa anamfuata ili ajifunze.

“Kaka, leo tena nimekukimbilia mpaka darajani, hata kisogo chako sikukiona!”

“Mimi hunipati, dada,” Kiboko alijibu akijipepea. “Kazana tu.”

Kondoo akakazana.

Siku ya mashindano, Kiboko alifika meza ya kwanza ya maji, magoti yakagoma. Alikuwa bado ameketi hapo, chupa mkononi, Kondoo alipopita akirudi nyumbani na medali shingoni, umati ukimshangilia.

“Hongera, kaka!” Kondoo alimwambia kwa heshima. “Njia nzima nimekutafuta. Kumbe umemaliza zamani, hata umesharudi huku kupumzika!”

Umati ukaangua kicheko. Hapo ndipo Kiboko alipotokwa na jasho la kweli.