Mashati Matano ya Jumatatu

Kola ya shati la tano ilikuwa bado nyeupe mno, kwa hiyo Nozaki, karani wa kaunta, alipanda na kushuka ngazi za hosteli mara nne mpaka jasho likamtoka shingoni. Kisha akalivua, akalikunja pamoja na mengine manne, akayafunga yote katika kitambaa cha buluu. Mashati yalikuwa ya Mukai. Mukai mwenyewe hakuwepo.

"Lile lilikukaa vizuri," alisema mzee Kuwabara, mpangaji wa siku nyingi, akiwa amejinyoosha ukumbini na gazeti lake la mbio za farasi. "Ungelivaa siku ulipokwenda kuposa, labda wasingekukataa."

"Soma gazeti lako, mzee."

"Nasoma. Lakini njia ya mwongo ni fupi, Nozaki, na wewe umeshatembea sana."

Hosteli yao, nyuma ya kituo cha treni pale Osaka, ni ya wanaume tu. Vijumba vya kulala vimepangwa juu na chini kama droo za kabati, na kila kimoja kinamtosha mtu mmoja aliyelala. Mwanamke harusiwi kupita kaunta. Ndiyo maana mke wa Mukai, Mama Mukai, hakuwahi kupanda kumwona mumewe, tangu kiwanda kilipompunguza na aibu ikamfukuza nyumbani. Kila Jumatatu alileta mashati matano yaliyopigwa pasi, akaondoka na matano machafu. Kwa mwaka mzima Mukai hakushuka kumsalimu hata mara moja.

Halafu Ijumaa moja, baridi ikielekea kwisha, Mukai alipita mbele ya kaunta akiwa na ndara za hosteli miguuni. Nozaki alidhani anakwenda kununua kahawa kwenye mashine iliyo nje. Hata alimwambia, "Ukirudi, niletee na mimi." Mukai aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, na hakurudi.

Jumatatu yake mkewe alisimama kaunta, uso umempauka, mikono mitupu. Kabla hajafungua kinywa, Nozaki alisema, "Yuko kazini, mama. Hajambo kabisa." Mwenyewe hakujua maneno yale yalitoka wapi. Mama Mukai aliuliza tu kama kuna nguo za kufua.

Wiki tano zilikuwa zimepita tangu hapo. Kila siku Nozaki alivaa shati moja la Mukai chini ya koti la kazi. La Jumatano alilidondoshea mchuzi wa kari, maana Mukai alikuwa hakosi kari siku hiyo. Mwanzoni kola zilimkaba. Siku hizi kifungo cha juu, chenye uzi mpya, kilifunga bila tabu, akadhani uongo umemkondesha. Polisi hakuthubutu kuwauliza, kwani alichokiogopa ni jibu lao.

Kilichomkosesha usingizi ni binti. Tangu mwaka jana, Sanae wa Mukai alikuwa amekataa kutaja siku ya harusi mpaka baba yake akubali kuja. Kila Nozaki alipodanganya, alimchelewesha mtoto wa watu. Aliona uchungu na aliona haya. Leo atasema, liwalo na liwe.

Saa tisa alasiri, wapangaji wakiwa wametolewa nje ili vijumba visafishwe, wote ila Kuwabara na gazeti lake ukumbini, Mama Mukai aliingia. Kifurushi alichoweka kaunta kilikuwa chepesi kuliko siku zote.

"Mama, leo nina neno," alianza Nozaki.

"Hata mimi ninalo, na treni hainingoji. Jumapili hii, saa nne asubuhi. Kadi imo humo ndani, pamoja na tai."

Nozaki akaiona tayari akilini: tai nyeupe, ile wanayovaa wanaume harusini juu ya suti nyeusi. Basi wamepanga siku kwa kuamini maneno yake.

"Mama, sidhani kama..."

"Jumapili una zamu, Bwana Nozaki?"

"Sina."

"Vizuri."

Alijua anachoombwa: amshike Mukai mkono, amfikishe harusini. Mama yule alikuwa anamtazama kwa utulivu, kama mtu aliyemaliza kazi ngumu, na Nozaki hakuweza kuuvunja utulivu ule.

"Hongera, mama," alisema, na akajichukia.

Mama Mukai alichukua mashati machafu, akayakumbatia kifuani. Akainama, chini sana, chini kuliko mteja anavyomwinamia karani. Halafu akatoka.

"Umemwambia?" aliuliza Kuwabara.

"Bado."

"Haya, utamwambia Jumapili, bibi harusi akisikia. Utakula wali wako vizuri."

Nozaki alikipeleka kifurushi chumba cha nyuma, akakifungua. Hamkuwa na shati hata moja. Tai ilikuwa nyeusi.

Kadi ilitaja jina la hekalu, na chini yake: kumbukumbu ya siku ya arobaini na tisa ya marehemu Mukai Tatsuo, iliyowahishwa hadi Jumapili. Tarehe ya kifo ilikuwa Ijumaa ile ya ndara. Pembeni, kwa kalamu, kulikuwa na mistari miwili ya mkono wa mwanamke.

"Jumatatu ile nilikuja kukupa habari. Ukaniwahi, ukasema hajambo."